Kosa moja, wiki mbili: mwongozo wa mazoezi ya karate kwa anayetaka kusonga mbele

Mtazame mwanafunzi wa mkanda mweupe akifanya peke yake Heian Shodan, mojawapo ya kata za karate, yaani mfululizo wa hatua zilizopangwa. Kata hii ina hatua 21. Anaanza vizuri, anafika hatua ya 10, pale pa kugeuka robo tatu ya duara, mguu unatua pabaya, anasonya, anarudi mwanzo. Anafika tena hatua ya 10, anakosea tena, anarudi tena. Akishaanza mara 20, hatua ya kwanza ameifanya mara 20 na hatua ya 18 hajaigusa hata mara moja. Saa nzima ametoka jasho akinoa mahali ambapo tayari ni pakali. Siku ya mtihani wa mkanda hatua nne za mwisho zinamuumbua, naye anajiambia kwamba hana kipaji.

Kipaji anacho. Kinachomwangusha ni kutaka kila kitu kiwe sawasawa kabla ya kupiga hatua inayofuata. Watu wa pwani husema kukamilika ni kwa Mwenyezi Mungu, lakini wengi wakishavaa sare na kufunga mkanda hulisahau neno hilo mlangoni.

Njia inayoelezwa hapa ni nyingine: chagua kosa moja, lihesabu, lifanyie kazi wiki mbili, kisha liache likiwa limepungua, hata kama halijakwisha, uhamie lingine. Mifano ni ya Shotokan, mtindo mmojawapo wa karate, kwa sababu hatua zake zimehesabiwa na zinaandikika vizuri. Anayefanya taekwondo, judo au ndondi atabadilisha majina tu.

Vya kuwa navyo

Daftari na kalamu. Simu yenye kamera, hata ya bei ndogo. Kipande cha chaki. Mwenzako mmoja mnayeaminiana. Na fimbo iliyokatwa kwa kipimo chako: simama umeegemea ukuta, mwenzako atie alama ya chaki kwenye ncha za mabega yote mawili, kisha kata fimbo yenye urefu huo. Kwa mtu mzima mara nyingi hutoka sentimita 40 hadi 45. Fimbo hii moja itakupimia karibu kila msimamo. Kipimo cha futi hakifai kwa kazi hii, kwa sababu kipimo kinachotakiwa ni cha mwili wako na sentimita za mwenzako hazitakusaidia kitu.

Usifanye mazoezi juu ya mkeka uliotandikwa kwenye sakafu ya saruji. Mkeka huteleza mguu unapogeuka, na anayeumia ni goti. Sakafu tupu, iliyofagiwa, ni salama zaidi.

Kulitafuta kosa

Siku ya kwanza usijirekebishe chochote. Mwambie mwenzako akurekodi kwa simu akiwa ubavuni kwako, kamera ikiwa usawa wa kiuno: kata moja mwanzo hadi mwisho, mateke 10 ya mbele kwa kila mguu, na raundi moja ya dakika 2 ukipambana na mtu wa tatu kwa mwendo wa polepole. Itazameni video siku hiyohiyo, nyote wawili, mwandike kila mnachokiona. Ukurasa utajaa. Ni kawaida, na hata mwenye mkanda mweusi ukurasa wake hujaa.

Sasa yaandike upya yale makosa kwa namna inayoonekana kwa macho. "Teke langu bovu" si kosa, ni malalamiko, nawe huwezi kuyahesabu. "Kisigino cha mguu niliosimamia kinanyanyuka ninapopiga" ni kosa, kwa sababu mtu mwingine anaweza kusimama pembeni akasema kimenyanyuka au hakikunyanyuka. Lisiloweza kujibiwa kwa ndiyo au siyo, ligawe mpaka lijibike.

Kulichagua la kuanza nalo kuna utaratibu. Kosa linaloumiza hutangulia yote: goti la mbele linaloangukia ndani, kifundo cha mkono kinachopinda ngumi inapogonga, kichwa kinachotangulia mbele ya mwili. Baada ya hayo, anza chini uende juu. Miguu kabla ya nyonga, nyonga kabla ya mabega, mikono mwisho kabisa. Wengi huanza na ngumi kwa sababu ndiyo wanayoiona mbele ya macho yao, wakahangaika miezi na bega lililopanda juu, kumbe bega limepanda kwa sababu mguu wa nyuma hauna pa kukanyagia. Ukirekebisha mguu, makosa mawili matatu ya juu huondoka yenyewe bila kuguswa.

Chagua moja. Mengine yaliyobaki yafungie kwenye ukurasa wake na usiyaangalie kwa wiki mbili.

Mchanga unavyokusomea msimamo

Hapa ndipo anayeishi Lamu au Malindi ana utajiri ambao mwenzake wa bara hana. Maji yakipwa, ufuo wa Shela au wa Malindi huacha mchanga mbichi uliokazana, na mchanga huo hurekodi kila hatua yako kuliko kioo. Kioo hukuonyesha unavyoonekana, tena shingo ukiwa umeigeuza. Mchanga huhifadhi ulipokanyaga, nawe waweza kuuzunguka ukausoma kwa utulivu.

Chagua ukanda ambao maji yameondoka punde: kisigino kikikanyaga kiache alama ya kina cha nusu sentimita hivi. Mchanga mkavu wa juu haufai, hudidimia, humaliza nguvu za mashavu ya miguu na kuuvuta vibaya mshipa mnene wa nyuma ya kisigino. Pita kwanza ukitazama chini uokote chupa na vipande vya makome. Kupwa husogea mbele kwa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa iliyokufaa Jumatatu haitakufaa Alhamisi. Waulize wavuvi, au tazama mwezi.

Simama katika msimamo mrefu wa mbele, zenkutsu-dachi. Piga hatua 5 za ngumi ukienda sambamba na maji. Kisha toka pembeni, usiziharibu alama, urudi nazo ukiwa na fimbo yako.

Anza na upana. Chora mistari miwili, mmoja ukipita katikati ya visigino vya miguu ya kulia, mwingine ya kushoto. Kati yake pawe na fimbo moja. Ukikuta alama zote ziko kwenye mstari mmoja kama aliyekuwa akipita juu ya ubao wa jahazi, ndiyo sababu ukisukumwa ubavuni kidogo unayumba, na ndiyo sababu nyonga yako haigeuki: haina nafasi.

Urefu, kutoka kisigino cha mbele hadi kisigino cha nyuma, uwe kama fimbo mbili. Pima hatua ya kwanza na ya tano. Ya kwanza ikiwa fimbo mbili na ya tano ni fimbo moja na nusu, msimamo wako unajua la kufanya, mapaja ndiyo yanayochoka. Dawa yake ni kupunguza hatua kwa seti, zikawa 3 badala ya 5, na kuongeza mapumziko. Kupiga hatua 50 hakutaiponya, kwa sababu 40 kati ya hizo utazipiga ukiwa na msimamo mfupi, na huo mfupi ndio utakaoujua.

Sasa inama karibu na alama ya mguu wa nyuma. Vidole vyake vinatazama wapi? Vitazame mbele na kutoka nje kidogo, visizidi nusu ya pembe mraba. Vikitazama pembeni kabisa, kuelekea baharini au nchi kavu, nyonga ilibaki nyuma na ngumi ilitoka kwa nguvu za mkono peke yake. Mara nyingi chanzo ni kifundo cha mguu kisichokunjika. Ijaribu: simama mbele ya ukuta, kidole gumba cha mguu kikiwa upana wa kiganja mbali na ukuta, ukijaribu kugusa ukuta kwa goti bila kisigino kunyanyuka. Ukishindwa, kazi yako ya wiki mbili ni kunyoosha shavu la mguu, sekunde 30 mara 3 kila upande, kila siku. Kumgombeza mguu wakati kifundo hakifiki ni kumwonea.

Tazama kisigino kimeacha alama au hakikuacha. Kama alama ya nyuma ni ya vidole tu, kisigino kilinyanyuka mwishoni mwa ngumi. Kisha alama ya mguu wa mbele: upande wa kidole gumba ukiwa umezama kuliko upande wa nje, goti linaangukia ndani. Hili ni katika yale makosa yanayoumiza, litangulize.

Mwisho, tazama mkokoto kati ya alama na alama. Mguu unaosogea upite karibu na mguu uliosimama kisha utoke nje kidogo, uchore kama mwezi mchanga. Mkwaruzo mwepesi ni sawa. Ukikuta mfereji, uzito ulikuwa umeuacha kwenye mguu unaosogea, na mtu mwenye macho atakufagia mguu huohuo.

Kumbuka ufuo una mteremko, kwa hiyo mguu wa upande wa maji hukaa chini kuliko mwenzake. Kila ulichofanya ukienda, kifanye pia ukirudi, ndipo ulinganishe. Na mateke ya kugeuka juu ya kisigino usiyafanye mchangani kamwe. Mguu hung'ang'ania mchanga wakati mwili umeshageuka, na goti ndilo linalolipa.

Mfano mzima: teke la mbele

Tuseme kosa ulilochagua ni hili: ukipiga teke la mbele, mguu unaanguka chini ukiwa umenyooka badala ya kurudi ukiwa umekunjwa. Ni kosa la watu wengi, na madhara yake ni mawili. Mpinzani anaudaka mguu kirahisi, na wewe mwenyewe unaanguka mbele yake ukiwa wazi, kwa sababu popote mguu ulipoangukia ndipo ulipo.

Teke lenyewe lina sehemu nne. Goti linapanda mpaka juu ya kiuno, kisigino kikiwa karibu na paja. Mguu unafunguka na kugonga kwa ile sehemu nene ya unyayo iliyo chini ya vidole, vidole vikiwa vimevutwa juu. Mguu unakunjika tena, goti likiwa palepale juu. Ndipo unatua. Anayeliharibu huwa ameiruka sehemu ya tatu.

Kwanza hesabu ulipo. Ukiwa umepasha mwili joto lakini hujachoka, piga mateke 10 kwa mguu mmoja, mwenzako akihesabu tu yale ambayo goti lilibaki juu mguu ulipokunjika. Asikuambie jambo lingine lolote. Tuseme umepata 3 kwa 10. Andika 3. Hicho ndicho chako cha kuanzia, na wala si cha aibu.

Kisha punguza ugumu. Ngazi ziko nne, na unapanda moja moja:

1. Mkono mmoja umeshika ukuta, teke la polepole, ukihesabu moja hadi nne kwa kila sehemu, na ukituliza goti sekunde 2 katika sehemu ya tatu.
2. Hivyohivyo bila ukuta.
3. Mwendo wa wastani, teke likigonga kitambaa kilichoning'inizwa kwa kamba usawa wa tumbo.
4. Mwendo kamili, kutoka kwenye msimamo, ukitua mbele na ngumi ikifuata.

Katika kila ngazi fanya seti 4 za mateke 5 kwa kila mguu, ukipumzika kama sekunde 45 kati ya seti. Ni mateke 20 kwa mguu. Watu huona ni machache, wakafanya 100. Lakini mtu aliyechoka goti lake hushuka, na kuanzia hapo anachorudia ni kosa lenyewe. Mwili hauchagui, hujifunza lile linalorudiwa, zuri na bovu. Seti ikianza kuharibika mara 2 mfululizo, ikatishe.

Kinachokwama mara nyingi katika ngazi ya pili ni mizani: mwili unalalia nyuma ili mguu upande. Hapo shusha teke. Piga usawa wa goti kwa siku mbili tatu, kisha urudi tumboni. Wengi wanakataa kushusha kwa sababu teke la chini halipendezi machoni, na kukataa huko kunawagharimu mwezi mzima.

Saba kwa kumi

Mwisho wa kila siku ya mazoezi, rudia hesabu ya 10. Kanuni ni hii. Ukipata 7 au zaidi siku 2 mfululizo, panda ngazi, au kama ni ngazi ya mwisho, hamia kosa jingine. Ukipata 4 hadi 6, baki ulipo. Ukipata 3 au chini, ngazi hiyo ni ngumu kwako leo, teremka moja.

Kwa nini 7 na si 10? Kwa sababu ya gharama. Kutoka 3 hadi 7 mara nyingi huchukua siku chache za kazi. Kutoka 7 hadi 10 huweza kuchukua miezi, na miezi hiyo yote kuna makosa mengine manne yako palepale kwenye 3. Tena zile tatu zilizobaki haziendi bure. Ukihamia msimamo, nyonga au mkono, teke linaendelea kutumika katika kata na mbele ya mwenzako, nalo hupanda taratibu likiwa kazini. Bandu bandu huisha gogo.

Tegemea hesabu ishuke kila unapopanda ngazi. Aliyepata 8 kwa ukuta atapata 4 bila ukuta. Hajarudi nyuma, amebadilisha mzani. Kwa hiyo andika daima namba pamoja na ngazi yake, na usilinganishe namba ya ngazi moja na ya nyingine.

Daftarini inatosha mistari mitatu kwa siku: kosa na ngazi, namba, na jambo moja uliloliona. "Teke, ngazi ya 2, 5/10. Kulia linaanguka nikitazama chini." Mstari wa tatu ndio wenye thamani kubwa, kwa sababu ukisoma siku 6 pamoja utaona kitu kinachojirudia ambacho siku moja moja hukukiona. Usiandike "leo vibaya". Haitakuambia lolote wiki ijayo.

Saa moja ya mazoezi igawe hivi: dakika 10 kupasha mwili, 15 kwa kosa la wiki zikiwa za mwanzo kabla ya uchovu, 20 kwa mambo ya kawaida ya darasa bila kujirekebisha, 10 na mwenzako, 5 hesabu na daftari. Mara 3 kwa wiki. Zile dakika 20 za kutojirekebisha wengi huziona ni za bure, lakini bila hizo mtu anakuwa fundi wa kurekebisha na hajui kuendesha.

Kata ianze mwishoni

Turudi kwa yule wa Heian Shodan. Dawa yake ni kuigeuza kazi. Siku ya kwanza anafanya hatua za 18 hadi 21 tu, zile kinga nne za ukingo wa kiganja katika msimamo wa nyuma, ambapo mguu wa nyuma hubeba kama asilimia 70 ya uzito. Siku ya pili anaanza hatua ya 14 mpaka 21. Kisha 10 mpaka 21, kisha 6 mpaka 21, kisha yote. Kwa mpango huu hatua za mwisho ndizo zinazorudiwa mara nyingi zaidi, na kila anapoendelea mbele anaingia mahali anapopajua, si gizani.

Akikosea katikati, asirudi mwanzo. Amalize mpaka 21, asimame, kisha aende moja kwa moja palipoharibika: hatua moja kabla ya kosa, kosa lenyewe, na hatua moja baada yake. Mara 5. Halafu kata nzima mara moja.

Hatua ya 10 na ya 18 zote ni za kugeuka robo tatu ya duara, na zote huharibika kwa sababu moja: mguu unaozunguka unatua mahali pasipofaa, msimamo unajifunga kama mkasi au unabaki wazi mno. Tia alama ya chaki sakafuni mguu unapotakiwa kutua, ukipima kwa fimbo, na geuza kichwa kwanza, mguu ufuate. Kwa ya 18 angalia pia kwamba unaingia msimamo wa nyuma, ambao visigino vyake viko kwenye mstari mmoja, tofauti na ule wa hatua ya 10.

Kuna watakaosema walimu wa zamani wa Okinawa, kisiwa cha Japani karate ilikotoka, walikuwa na desturi ya kumkalisha mwanafunzi miaka 3 kwenye kata moja. Ni kweli. Lakini miaka hiyo mwanafunzi alikuwa akiifanya kata nzima, siku baada ya siku, na kuitumia. Kukaa miaka 3 ukianza upya kila unapokosea ni jambo jingine kabisa.

Mbele ya mwenzako

Anayetaka ukamilifu hujulikana hapa haraka: haingii kupambana. Anasema bado ngumi yake haijakaa vizuri, aachwe mpaka mwezi ujao. Katika kirumbizi, ule mchezo wa fimbo wa Lamu unaochezwa kwenye Maulidi na arusi, fimbo ya mwenzako haingoji uwe tayari, na mkono hujifunza kukinga kwa kuwa kuna kinachokuja. Ngumi nayo ni hivyo.

Ingia mapema, ila kwa mapatano. Mkubaliane pigo ni moja, linatajwa kabla, na mwendo ni robo ya nguvu. Anayeshambulia apige mara 5 kichwani, wewe ukinge na kurudisha ngumi moja, mbadilishane. Ikienda sawa, mwendo uongezeke hadi nusu. Baada ya hapo pigo lisitajwe, lakini liwe moja kati ya mawili mliyopatana.

Raundi ikiisha, uliza swali moja tu. "Ndugu yangu, ulinipatia wapi leo?" Jibu moja linatosha. Na kwa mwalimu pia, mwombe kwa adabu kabla ya darasa: "Shikamoo mwalimu. Wiki hii nashughulikia kisigino. Naomba uniangalie hapo, mengine tutayaendea." Walimu wengi hufurahi kusikia hivyo, kwa sababu mwanafunzi aliyepewa masahihisho sita kwa dakika moja hatoki na hata moja.

Kama wewe ndiye unayefundisha, jizuie. Unayaona makosa sita, sema moja, nenda kwa mwingine, rudi baada ya dakika 5. Na kwa watoto, hesabu yao isizidi mateke 5, na namba zao zisisomwe mbele ya wenzao.

Yasiyokubali saba

Yapo mambo ambayo 7 kwa 10 ni hatari, na ni haki kuyataka yote 10. Kuanguka ni la kwanza: mwanafunzi wa judo ambaye mara 3 kwa 10 anagongesha kisogo, asirushwe na mtu mpaka aache. Kuizuia ngumi isimguse mwenzako usoni ni la pili. Kusimama papo hapo mwenzako anapogonga kwa kiganja kuashiria ameshindwa ni la tatu. Kucha zilizokatwa na sare iliyofuliwa, bila mjadala. Katika haya rudisha mwendo chini kabisa mpaka yatimie, na hapo ndipo panapoongezwa kasi.

Siku zilizokatika

Mtu ataugua, atasafiri, mitihani ya shule itaingia, bahari itaita. Anayetaka ukamilifu akikosa wiki moja huona mpango umeharibika, akaacha wote. Usiache. Ukikosa wiki 1, rudi kwenye ngazi ileile kwa nusu ya seti siku ya kwanza. Ukikosa mwezi, teremka ngazi moja kwa siku 2. Usifidie kwa kufanya mara mbili, utaumia na kukosa tena.

Ramadhani iwekee mpango wake mapema: mara 2 kwa wiki, dakika 30, baada ya tarawehe, ukishakula na kunywa maji ya kutosha. Asiyeweza usiku afanye kata polepole saa ya mwisho kabla ya magharibi, bila mateke ya kasi na bila mwenzako. Lengo la mwezi huo ni namba isishuke sana. Kupanda kutarudi baada ya Idi. Na katika miezi ya kaskazi, jua linapochoma, hamisha mazoezi alfajiri baada ya sala au saa 11 jioni. Kichwa kikianza kuuma au ukihisi baridi juani, siku hiyo imekwisha, kaa kivulini unywe maji.

Kuhusu mtihani wa mkanda

Usiuahirishe kwa sababu bado hujaridhika. Nenda mwalimu anaposema nenda. Mpango wa dan, yaani madaraja ya mkanda mweusi, ulitoka kwenye judo ya Kano Jigoro, aliyeanzisha shule yake ya Kodokan mwaka 1882, na Funakoshi Gichin, aliyeifikisha karate Tokyo mwaka 1922, aliuchukua na kutoa dan za kwanza za karate mwaka 1924. Dan ya kwanza huitwa shodan, na ile "sho" maana yake ni mwanzo. Mkanda mweusi wenyewe umepewa jina la kuanza.

Wiki 3 kabla ya mtihani usifungue kosa jipya. Fanya kata nzima mbele ya watu wawili watatu, mara moja tu kwa siku, bila kurudia, kwa sababu mtihani nao ni mara moja. Ukikosea, endelea. Watahini wengi humtazama zaidi aliyekosea akaendelea kwa utulivu kuliko kosa lenyewe.

Wiki ya 11 na ya 12

Makosa 5 kwa wiki 2 kila moja ni wiki 10. Wiki ya 11 iwe ya kupumzisha viungo: nusu ya mazoezi, polepole, hakuna hesabu. Wiki ya 12 rekodi upya kama siku ya kwanza, ubavuni, kamera usawa wa kiuno, kata ileile, mateke 10, raundi ya dakika 2. Kaa na mwenzako mzitazame video mbili moja baada ya nyingine, sauti ikiwa imezimwa. Fungua ule ukurasa wa makosa uliokuwa umeufungia. Yaliyoondoka yenyewe yapige mstari, yapo, mtayaona. Yaliyobaki yapangeni tena, yanayoumiza juu, kisha miguu, kisha nyonga. Chagueni la kwanza, na Jumatatu hesabuni 10.